KIPINDUPINDU: HUINGIA KWA MAJI, NA DAWA YAKE YA KWANZA NI MAJI

Mtu akisimama Kilimatinde, pale mlima unapokatika ghafla, huliona bonde la Bahi limetandazwa chini yake. Wakati wa mvua sehemu za bonde lile hujaa maji yakang'aa kama ziwa. Kiangazi kikifika, hubaki majani makavu na vumbi. Kwa kutazama tu, mtu anaelewa shida kubwa ya sehemu zetu: maji huja kwa msimu mmoja, tangu Desemba hivi mpaka Aprili, kisha huondoka. Miezi inayobaki tunayatafuta lambo au kisimani, na penginepo tunafukua mchanga wa korongo lililokauka.

Mwezi huu tunazungumza juu ya ugonjwa unaoipenda sana shida hiyo. Ni kipindupindu. Jina lenyewe latukumbusha kupinda, kwa maana misuli ya mgonjwa hukaza na kumkunja kwa maumivu. Ni ugonjwa unaoweza kumchukua mtu aliyelima asubuhi akiwa mzima, na kabla ya jua la pili kuchomoza akawa amezikwa. Lakini pia ni ugonjwa ambao mgonjwa wake akipata msaada mapema, karibu kila mara hupona. Kati ya mambo hayo mawili, kufa na kupona, mara nyingi kuna saa chache tu na kikombe cha maji. Ndiyo sababu tunaomba somo hili lisomwe kwa sauti nyumbani, ili na wasiojua kusoma walisikie.

1. Ugonjwa wasafiri

Tuanze na historia, kwa sababu yaliyowapata babu zetu yanatufundisha.

Tangu zamani kipindupindu kilikuwa kikijulikana nchini India, hasa kwenye nchi tambarare ya Bengali unakomalizikia mto Ganges. Mwaka 1817 kilianza kutoka huko na kuenea nchi nyingine kwa njia ya majeshi, mahujaji na vyombo vya biashara. Pwani yetu ilikuwa na biashara kubwa na India na Uarabuni, kwa hiyo haikusalimika. Katika karne ya 19 kipindupindu kiliingia Unguja na pwani zaidi ya mara moja. Mapema mwaka 1859 msafiri Mwingereza Richard Burton, ambaye miezi michache tu kabla alikuwa amepita Ugogo akirudi kutoka Ziwa Tanganyika, alikikuta Kilwa kikiwaua watu wengi. Mabaharia wa chombo chake mwenyewe karibu wote walikufa.

Mlipuko mwingine mkubwa ulitokea mwaka 1869 na 1870. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja wakati huo, aliufuatilia kwa kuwahoji wasafiri na wafanyabiashara, na mwaka 1876 akatoa kitabu juu yake. Aligundua kwamba safari hii ugonjwa haukuja kwa jahazi kutoka India. Ulitoka upande wa Bahari ya Shamu, ukapita nchi kavu hata Umasaini, ukafika Pangani, na kutoka Pangani ukavuka kwenda Unguja, ambako uliua maelfu ya watu. Kisha ukashika njia za misafara kuingia bara. Mwaka 1870 Daktari Livingstone, akiwa mbali kabisa huko Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, alipata habari zake, na baadhi ya wapagazi waliokuwa wakimpelekea vitu kutoka pwani walikufa kwa ugonjwa huo.

Sasa tuitazame ramani. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikata katikati ya Ugogo. Magharibi ya sehemu hizi za Kilimatinde ndipo lilipoanza pori la Mgunda Mkali, lililoogopwa na wapagazi kwa ukame wake. Msafara wa mamia ya watu ulihitaji kupumzika na kuteka maji ya kutosha kabla ya kuingia porini. Msafara uliotoka porini ulifika ukiwa na kiu. Watemi wa Wagogo waliujua uhaba huo, na ruhusa ya kutumia maji ilikuwa sehemu ya mapatano ya hongo.

Hebu tufikiri: mamia ya wageni, kisima kimoja, hakuna choo. Hapo tunaona funzo la kwanza. Ugonjwa hutembea na watu barabarani, lakini huingia mwilini kwa maji na chakula. Mahali penye watu wengi na maji machache, uchafu kidogo wa mtu mmoja waweza kuwafikia wote.

Katika zama zetu mambo hayakubadilika sana. Mwaka 1961 aina mpya ya kipindupindu ilitoka kisiwa cha Sulawesi nchini Indonesia. Mwaka 1970 ilifika Afrika Magharibi, na mwaka 1974 wagonjwa wa kwanza wa aina hiyo walionekana Tanzania. Mlipuko mkubwa ulianza nchini mwishoni mwa 1977, na kwa miaka mingi baada ya hapo karibu kila mwaka mikoa fulani iliupata. Mwaka 1997 peke yake nchi yetu ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 40,000, na waliofariki walizidi 2,200. Mlipuko mwingine ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea karibu nchi nzima, na hadi mwanzoni mwa 2018 wagonjwa walikuwa wamezidi 33,000 na waliofariki zaidi ya 500.

Tuyalinganishe makundi hayo mawili. Katika mwaka 1997, kati ya kila wagonjwa 100 walikufa watano au sita. Katika mlipuko wa 2015 hadi 2018 walikufa chini ya wawili. Ugonjwa ni uleule. Kilichobadilika ni jinsi watu wanavyowahi na kutibiwa. Hata hivyo, kila mmoja wa hao mia tano na zaidi alikuwa mzazi, ndugu au mtoto wa mtu.

2. Je, chanzo ni hewa, uchawi au maji?

Zamani hata Ulaya waganga wakuu waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa chafu yenye harufu mbaya. Aliyewaonyesha njia nyingine alikuwa daktari Mwingereza, John Snow.

Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Broad Street, London. Kwa siku kumi hivi waliokufa walizidi 500. Daktari Snow alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja: mlikuwa mkinywa maji ya wapi? Akakuta kwamba wengi wa waliokufa walitumia pampu moja ya mtaani. Wafanyakazi wa kiwanda cha pombe kilichokuwa karibu, ambao hawakunywa maji ya pampu ile, hawakufa. Na mama mjane aliyekuwa amehamia mbali sana na mtaa ule, akawa akiletewa maji ya pampu hiyo kwa sababu aliipenda ladha yake, alikufa, ingawa alikokaa hapakuwa na ugonjwa. Tarehe 8 Septemba 1854 mpini wa pampu uliondolewa ili watu wasiteke tena.

Baadaye kasisi wa Kianglikana wa mtaa uleule, Henry Whitehead, ambaye mwanzoni hakukubaliana na daktari, alifanya uchunguzi wake mwenyewe akiwatembelea waumini wake. Ndiye aliyegundua ugonjwa ulivyoingia kisimani. Mtoto mchanga alikuwa ameharisha, na mama yake aliyamwaga maji aliyofulia nepi katika shimo la maji machafu. Shimo hilo lilikuwa chini ya mita moja kutoka kisima.

Ndugu wasomaji, tusiipite habari hiyo haraka. Wako wengi wanaosema kinyesi cha mtoto mchanga si kitu. Kilikuwa kitu kikubwa kwa watu zaidi ya mia tano.

Mwaka 1884 daktari Mjerumani, Robert Koch, akifanya utafiti Calcutta nchini India, alieleza wazi bakteria anayeleta kipindupindu. Alimwona katika matumbo ya waliokufa, na pia katika maji ya bwawa ambalo watu walikuwa wakifulia, wakioga na kuteka maji ya kunywa. Je, bwawa la namna hiyo hatulijui? Malambo yetu mengi ndivyo yalivyo, na ng'ombe nao wamo humohumo.

Mtu atauliza: "Mbona fulani amekunywa maji hayohayo na hakuugua?" Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1892 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Max von Pettenkofer, aliyepinga habari ya bakteria, alikunywa hadharani maji yenye vijidudu vya kipindupindu. Aliharisha kidogo tu, akasema ameshinda. Lakini hakuwa ameshinda. Leo tunajua kwamba wengi wanaomeza vijidudu hivyo hawaugui kabisa au huharisha kidogo, kwa sababu asidi ya tumboni huua vingi, na nguvu za miili hutofautiana. Hatari ni kwamba mtu huyo asiyeumwa hutoa vijidudu katika choo chake kwa siku kadhaa, hata siku kumi. Anatembea, anasafiri, anajisaidia porini karibu na korongo, wala hajui. Kwa hiyo tusingoje kumwona mgonjwa ndipo tuanze kutumia choo. Tena tusimnyoshee kidole jirani au mgeni kwamba ameroga au ameleta mkosi. Anayestahili kushtakiwa ni uchafu ulioingia katika maji.

3. Ugonjwa huu huuaje?

Vijidudu vikishamezwa, dalili huanza baada ya saa chache mpaka siku tano. Vikifika katika utumbo mwembamba hutoa sumu. Sumu hiyo haichomi wala haikati utumbo. Kazi yake ni moja: huufanya utumbo umwage nje maji na chumvi za mwili bila kukoma.

Mgonjwa huanza kuharisha ghafla, mara nyingi bila maumivu makali ya tumbo. Baada ya muda choo huwa kama maji yaliyooshea mchele. Kutapika hufuata. Kwa mgonjwa aliyezidiwa, maji yanayotoka yaweza kufika lita moja kwa saa. Mtu mzima ana damu lita tano hivi. Tukihesabu hivyo tutaelewa kwa nini ugonjwa huu hausubiri kesho.

Tuzishike dalili za hatari:

- Macho yametumbukia ndani.
- Mdomo na ulimi vimekauka, na mtoto analia bila machozi.
- Ngozi ya tumbo ikifinywa na kuachiwa, hairudi upesi mahali pake.
- Mkojo umekuwa kidogo sana au umekatika.
- Sauti imefifia, misuli ya miguu na tumbo inakaza.
- Mgonjwa amezubaa, amelegea, mikono na miguu ni ya baridi.

Mgonjwa mwenye kipindupindu kikali asipotibiwa, uwezekano wa kufa waweza kufika nusu kwa nusu. Akitibiwa vizuri na mapema, katika wagonjwa mia hafi hata mmoja.

4. Kosa linaloua: kumnyima mgonjwa maji

Hapa tunafika kwenye kiini cha somo letu. Katika nyumba nyingi mtu akiharisha wazee husema: "Msimpe maji, atazidi kuharisha. Acheni tumbo lipumzike." Husema hivyo kwa upendo, lakini ni kosa. Mgonjwa wa kipindupindu haui na choo chenyewe, anauawa na kukaukiwa. Kumnyima maji ni kumsaidia adui.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kwa ugonjwa huu, twaweza kusema maji yaliyomwagika hayazoleki, lakini hulipwa. Kila kinachotoka kirudishwe.

Lakini maji matupu peke yake hayatoshi, maana chumvi nayo imetoka. Madaktari waligundua kwamba hata wakati wa kipindupindu utumbo haupotezi nguvu ya kupokea sukari. Sukari ikiingia huishika chumvi mkono na kuingia nayo, na maji huzifuata. Ndiyo siri ya ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji tunayopewa zahanati, inayoitwa ORS.

Nguvu yake ilionekana mwaka 1971. Vita vya kuzaliwa kwa nchi ya Bangladesh vilikimbiza mamilioni ya watu kwenda India. Katika kambi ya Bangaon kipindupindu kilizuka na dripu zikawa hazitoshi. Kati ya wagonjwa mia walikuwa wakifa wapatao thelathini. Daktari Mhindi, Dilip Mahalanabis, aliamua kuchanganya chumvi na sukari katika maji na kuwafundisha ndugu za wagonjwa kuwanywesha wenyewe. Vifo vikashuka chini ya wanne kwa mia. Walioleta mabadiliko hayo walikuwa akina mama na akina baba wa kawaida, wameketi chini na vikombe mikononi.

Kinyume chake tulikiona jirani yetu Goma, nchini Kongo, mwezi Julai 1994. Wakimbizi wa Rwanda wapatao milioni moja hivi waliingia kwa siku chache tu, mahali penye mawe ya volkano pasipochimbika choo wala kisima, wakawa wanakunywa maji ya Ziwa Kivu. Katika mwezi mmoja watu wapatao 50,000 walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

5. Tufanye nini nyumbani mtu akishikwa?

Kwanza: Aanze kunywa palepale. Kama kuna pakiti ya ORS, tuifungue na kuichanganya na kipimo cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti, tusizidishe wala kupunguza.

Pili: Kama pakiti haipo, tutengeneze wenyewe. Tuchukue maji safi lita moja, vijiko vidogo vya chai sita vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya kurundika. Tukoroge, kisha tuonje: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto, kwa hiyo tuyamwage na kuanza upya. Maji haya yasipite siku moja. Kesho tutengeneze mengine.

Tatu: Kila baada ya kuharisha, mtoto wa chini ya miaka miwili anywe robo hadi nusu ya kikombe kikubwa. Mtoto wa miaka miwili hadi kumi anywe nusu kikombe hadi kikombe kizima. Mtu mzima anywe kadiri awezavyo, na zaidi. Akitapika tungoje dakika kumi, kisha tuendelee polepole, kijiko kwa kijiko.

Nne: Mtoto anyonyeshwe kama kawaida. Anayeweza kula apewe uji na chakula laini.

Tano: Safari ya kwenda zahanati au hospitali ianze mara moja. Na hapa tuseme kwa mkazo: kunywa kusisimame njiani. Awe anabebwa kwa baiskeli, kwa pikipiki au kwa mkokoteni, chupa ya maji ya chumvi na sukari iende naye. Aliyezubaa au asiyeweza kumeza asilazimishwe kunywa, maana maji yaweza kumpalia. Huyo anahitaji dripu, na kila dakika ina thamani. Mtu mzima aliyekaukiwa sana aweza kuhitaji lita tano za dripu katika saa tatu za kwanza. Hakuna nyumba wala mganga wa mitishamba mwenye uwezo huo.

Sita: Tutoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji na afisa afya. Wako wanaoficha kwa aibu kwa sababu ugonjwa huu unaitwa ugonjwa wa uchafu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kwa kipindupindu kifo huumbua kijiji kizima.

6. Habari ya dawa na chanjo

Wengine hukimbilia dukani kununua vidonge vya kuua vijidudu na kuvimeza hata kabla ya kuugua. Tujifunze kutokana na yaliyotukia hapa kwetu. Katika mlipuko ulioanza mwishoni mwa 1977, dawa ya tetrasaiklini iligawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na hata kwa wasioumwa. Daktari Fred Mhalu na wenzake walipovipima vijidudu baada ya miezi mitano, waliona asilimia 76 ya vile walivyovipima havisikii tena dawa hiyo. Dawa hizo hutolewa na mganga kwa anayezihitaji. Haziwezi kuchukua nafasi ya maji ya chumvi na sukari. Watoto nao hupewa vidonge vya zinki, ambavyo hupunguza muda wa kuharisha.

Chanjo ipo. Ile ya sindano ya zamani, ambayo wazee wetu wanaikumbuka, haikuwa na nguvu ya kutosha. Siku hizi kuna chanjo ya kunywa. Mwaka 2009 watu wapatao 24,000 wa Unguja na Pemba walipata dozi mbili za chanjo hiyo, na uchunguzi ulionyesha kwamba iliwakinga wengi wao. Hata hivyo chanjo hizi ni chache duniani, hupelekwa kwanza panapowaka moto, na kinga yake hupungua kwa kupita miaka. Hatuwezi kuingoja chanjo huku tukinywa maji ya lambo.

7. Kinga: tuyafuate maji tangu kisimani mpaka mdomoni

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa sehemu zetu. Amekwenda korongoni alfajiri, amefukua mchanga, amengoja maji yachirizike, amejaza dumu na kurudi nalo. Kazi ngumu ameshaifanya. Inabaki kuyalinda.

Penye chanzo: Kisima kizungushiwe miiba ili mifugo isiingie. Kuwe na kata au ndoo moja safi ya kutekea, isiyowekwa chini. Asiwepo anayefua au kuoga ukingoni. Choo kiwe umbali wa mita thelathini au zaidi kutoka kisima, na upande wa chini wa mteremko. Wasiotumia choo wakumbuke kwamba mvua ya kwanza ya Desemba hukusanya uchafu wote wa kiangazi na kuuteremsha korongoni.

Nyumbani: Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne. Huko Bangladesh akina mama walifundishwa kuchuja kwa kitambaa cha sari kuukuu, na kipindupindu kikapungua karibu nusu, kwa sababu vijidudu vingi hujishikiza kwenye viumbe vidogo vinavyoelea majini. Lakini kuchuja ni hatua ya kwanza tu. Baada ya hapo maji yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu, yaachwe yatokote dakika nzima. Tunajua kuni ni za taabu. Asiye na kuni atumie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, na kungoja muda ulioelekezwa.

Katika mtungi: Maji yaliyochemshwa yakimiminwa katika mtungi mchafu, kuni zimeunguzwa bure. Mtungi uoshwe, ufunikwe, na kata ya kutekea iwe na mpini mrefu ili vidole visiguse maji. Afadhali zaidi ni ndoo yenye koki.

Mikono: Inawe kwa maji yanayotiririka na sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kula. Asiye na sabuni atumie majivu. Bakuli moja la kunawia watu kumi si kunawa. Ni kugawana uchafu. Kwa kuwa ugali na mlenda huliwa kwa mikono katika sahani ya pamoja, mkono mmoja mchafu huwalisha wote.

Chakula: Kiliwe cha moto. Kiporo kipashwe moto mpaka kifuke mvuke. Matunda yaoshwe kwa maji salama au yamenywe.

8. Misiba na mikusanyiko

Jambo moja ni zito, lakini tuliseme. Mwili wa aliyekufa kwa kipindupindu bado una vijidudu. Tumezoea kuwaosha marehemu wetu, kisha mikono ileile ikapika chakula cha waombolezaji. Namna hiyo msiba mmoja huzaa misiba mingine, na watu husambaa nao vijijini mwao. Tukipata kifo cha namna hii, tuwaite wahudumu wa afya, waushughulikie mwili kwa dawa, maziko yawe mapema, na chakula cha pamoja kiahirishwe. Kumheshimu marehemu ni pamoja na kuwalinda aliowapenda. Sala haipungui kwa kukosekana pilau.

Vilevile matapishi na choo cha mgonjwa vimwagiwe dawa ya klorini na kutupwa chooni, si kwenye shamba la mboga wala korongoni. Nguo zake zisifuliwe kisimani. Tumkumbuke yule mama wa London na nepi za mwanawe: hakuwa mtu mbaya, hakujua tu. Sisi tumejua.

Wapendwa wasomaji, babu zetu waliwauzia wasafiri maji kwa hongo kwa sababu walijua thamani yake katika nchi kavu. Thamani hiyo haijapungua. Tukiyaacha yachafuke, yatatuletea kifo nyumbani ndani ya dumu tulilolibeba wenyewe. Tukiyasafisha, tukatia chumvi kidogo na sukari, ndiyo yatakayomrudisha mgonjwa wetu. Kabla hamjaufunga ukurasa huu, ombi letu ni moja: mtu mmoja katika kila nyumba ajifunze leo kipimo kile cha lita moja, vijiko sita na nusu kijiko, mpaka akijue kwa moyo. Siku ya kuhitajika hapatakuwa na muda wa kutafuta gazeti.



Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Maji ya jumuiya yetu yanatoka wapi wakati wa kiangazi? Nani analinda chanzo hicho, na kuna nini upande wa juu wake?

2. Ni nyumba ngapi kati yetu hazina choo kinachotumika? Tunaweza kusaidianaje kuchimba kabla ya mvua, hasa kwa wajane na wazee?

3. Mtu akishikwa usiku wa manane, tutampelekaje kwenye matibabu, na nani ana chombo cha usafiri? Tupange sasa.

4. Nani kati yetu aweza kuonyesha mbele ya wenzake jinsi ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari bila kutazama maandishi?